Gundi Inayokubali Kufunguka

Ukipeleka kiti cha zamani kwa fundi Kibuye, Kisumu, utaulizwa kitambaa gani na unakitaka lini. Kilivyojengwa si swali la mtu. Baada ya siku mbili tatu kinarudi na sponji mpya, stepo zimeizunguka fremu, na vanishi inang'aa. Ukitaja njia ya zamani, yaani singa za farasi, springi za kufungwa kwa kamba na gundi ya ngozi, ile inayochemshwa kutoka ngozi za wanyama, utaambiwa hayo ni mambo ya Wazungu wenye pesa na muda.

Mafundi wana hoja. Singa hazipatikani dukani. Kufunga springi kwa mkono ni kazi ya kutwa, na mteja amekuja na pesa ya sponji. Tena gundi ya ngozi hulegea penye joto na unyevu, na hewa ya ziwani Kisumu ina vyote viwili. Na kochi lililotengenezwa kwa sponji tangu mwanzo halina sababu ya kutiwa singa.

Hata hivyo, nilisimama Nakuru fundi akifungua kiti cha mvule cha shangazi yangu, na tangu siku hiyo siwezi kuziona njia hizi mbili kuwa sawa. Sponji ya ukarabati wa mwisho ilikuwa imeoza, ikamwagika sakafuni kama unga wa mahindi ya njano. Chini yake palikuwa na gunia la juti la fundi wa kwanza, bado limekaza, na springi zimefungwa kila upande, fundo kwa fundo, hata moja halijafunguka. Kazi ya zamani ilikuwa imeishi hata kuizika ile mpya.

Kilichoniuma ni mguu wa nyuma. Kuna aliyewahi kuujaza epoksi, ile gundi ya kuchanganya tyubu mbili. Kiungo hakikuachia, ila mbao ya pembeni yake ilipasuka. Kwa gundi ya ngozi fundi angetia maji moto au spiriti, akasubiri, akautoa ulimi kwenye tundu lake mzima, akausafisha na kuurudisha. Kwa epoksi ilibidi achukue msumeno. Watu husema gundi ya ngozi ni dhaifu kwa sababu inafunguka, kumbe kufunguka ndiko kunakookoa mbao. Kiungo kinapochoka, gundi ndiyo inayotangulia kuachia, na fundi wa miaka hamsini ijayo atapata pa kuingilia. Shelaki, ile vanishi ya zamani ya kung'arisha mbao, nayo ni hivyo hivyo: spiriti huilainisha, na mpako mpya unashikana na ule wa zamani. Vanishi ya kisasa haiondoki kirahisi, na msasa unaoiondoa unaondoka na rangi ambayo mbao imeivuta kwa miaka mingi.

Na mbao hiyo haiko tena kirahisi. Mvule huchukua miongo mingi kukomaa, na Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma, marufuku iliyotangazwa kuondolewa Julai 2023. Kipande kilichokatwa kwenye mguu ule kilizibwa kwa mbao nyingine, na mshono unaonekana.

Hoja kwamba vifaa havipatikani hapa nayo haina uzito mkubwa. Katani inalimwa Mogotio, mwendo mfupi kutoka Nakuru. Nyuzi za makumbi ya nazi, ambazo hata Ulaya zimejazwa vitini zamani, ziko Pwani. Gunia la juti kila mtu analijua. Kinachokosekana ni mteja anayekubali kulipia siku za kazi badala ya mita za kitambaa, na hapo simlaumu fundi anayedaiwa kodi ya kibanda.

Kama pesa ni chache, mimi ningekubali sponji juu ya gunia la zamani, kwa kuwa itatolewa siku moja bila kudhuru kitu. Epoksi na mashine ya msasa ningezikataa hata kwa bure. Shangazi alichagua hivyo. Springi zake hazikuguswa.