Printa Hewa

Imejifunga tena. Sijagusa kitu, wallahi. Nimebofya ripoti ya mikopo mara mbili, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa wakwe. Kile kiduara kikazunguka, skrini ikapauka kama uso wa mdaiwa, halafu paa! Programu haipo. Nimebaki natazamana na picha ya Mlima Kilimanjaro.

Na Jumanne ndiyo kwanza tumemlipa fundi.

Mimi si mtoto wa juzi. Nina miaka kumi na sita kwenye Saccos hii. Nilianza na kaunta buku, na zile kaunta buku nilizihamishia mwenyewe kwenye kanzidata, yaani daftari la ndani ya kompyuta, kwa vidole viwili hivi hivi mnavyoviona. Hisa naingiza, inapokea. Marejesho naingiza, inapokea. Fomu zinafunguka, meza, yale majedwali ya data, zinafunguka. Shida ni ripoti tu. Yaani mashine inakula vizuri kabisa, ila ukiiambia ieleze ilichokula, inazimia. Jina la programu silitaji, nisije nikaitwa mahali nikajieleze, na nauli ya kwenda kujieleza sina.

Kwetu ripoti ni kama koti la harusi, haitolewi kabatini mpaka kuwe na tukio. Tukio ni mkaguzi. Mkaguzi anakuja Jumatatu.

Msidhani nilikimbilia fundi. Nilizima nikawasha. Nilichomoa ukutani nikahesabu mpaka thelathini. Nikatoa ile amri ya kulibana faili na kulikarabati, likashuka kutoka megabaiti 640 mpaka 88, nikafurahi kweli, maana faili la aina hii likigonga gigabaiti 2 ndiyo mwisho wa reli, halipokei hata jina la mwanachama mmoja. Likajifunga likiwa jembamba. Nikakuta kile kifaili kidogo cha kufuli, kinachozaliwa kila kanzidata ikifunguliwa na kutakiwa kufa ikifungwa, bado kipo pale peke yake kama mgeni ambaye shughuli imeisha lakini haondoki. Nikakifuta. Ikajifunga. Nikaunda faili jipya tupu, nikahamishia meza, fomu na ripoti zote, kutwa nzima, chai sikunywa. Ikajifunga haraka zaidi. Nadhani faili jipya lilikuwa na nguvu za ujana.

Mama Mhasibu akasema hamishia Excel. Katibu akasema ni umeme. Kwa Katibu kila kitu ni umeme. Mwaka juzi hesabu za mchango wa msiba hazikukaa sawa, akasema umeme.

Basi akaitwa fundi.

Kijana wa miaka ishirini na kitu, begi mgongoni, simu mbili. "Shikamoo mzee." Marahaba, karibu. Begi halijatua chini, ananiuliza: "Mzee, hii mashine imewahi kufomatiwa?" Hawa vijana wamesomea dawa moja. Ukisema kompyuta inakohoa, fomati. Kibodi imemwagikiwa na uji, fomati. Nikamwambia kwa upole: kijana wangu, humo ndani mna wanachama 412 na madeni yao. Ukifomati, mimi mtanizika, lakini wao watachinja ng'ombe. Akacheka. Mimi sikucheka.

Akaomba maji. Akaomba feni igeuzwe upande wake. Akakaa kwenye kiti changu, mimi nikasogezewa ndoo ya deki iliyofunikwa kifuniko, na utumishi wangu wote nikaukalia juu ya ndoo. Akafungua ripoti. Ikajifunga. Akasema, "Mmh."

Nyie mnajua "mmh" ya fundi inavyopandisha bei. Akabofya tena. "Mmh mmh." Moyoni nikahesabu elfu ishirini, elfu thelathini.

Kisha akageuka. "Mzee, printa yenu ya difolti, ile kompyuta inayoikimbilia yenyewe, iko wapi?"

Nikamwambia hatujafika kwenye printa. Sitaki kuchapa, nataka kuiona tu kwenye skrini. Hapo ndipo alipotoa somo, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. "Ripoti si kama fomu, mzee. Ripoti kabla haijajionyesha inaiuliza printa: karatasi yako ina upana gani? Pembeni tuache nafasi kiasi gani? Herufi zipi unazimudu? Ikijibiwa ndiyo inajipanga. Sasa hapa draiva, ile programu ya kuongea na printa, ipo, printa yenyewe haijibu. Ripoti inauliza, inasubiri, inauliza, inasubiri, inakufa."

Muda wote huo mimi nabana faili, nakarabati, nafuta kufuli, kumbe bwana harusi amesimama mikono juu anasubiri kupimwa suti na fundi cherehani aliyehama mji.

"Sasa iko wapi?" akarudia, kwa sauti ile ya vijana wasiofundishwa kunong'ona.

Ofisi ikapoa. Katibu, aliyekuwa ameegemea mlango, akakumbuka simu akatoka nje kuipokea. Maana ile printa, ile kubwa nyeusi, ilikaa chumbani kwake na sote tulichapia kwake kwa kupitia waya. Mwezi wa tatu ilikwenda matengenezo. Ndivyo tulivyotangaziwa. Ilikwenda matengenezo saa moja usiku, kwa bajaji, imefunikwa kanga. Mimi ndiye niliyeshika upande wa kushoto kuinyanyua, mgongo unaniuma mpaka kesho. Kitu cha matengenezo hakifunikwi kanga. Lakini nani aliniuliza?

"Ilikwenda matengenezo," nikasema.

"Ikarudi?"

"Bado inatengenezwa."

Kijana akanitazama, akaitazama tarehe kwenye skrini, akaamua ana maisha yake. Akafungua foleni ya kuchapa. Kazi kumi na tisa, zimejipanga toka mwezi wa tatu kama abiria wa Mbagala saa kumi na mbili jioni. Akaanza kuzisoma kwa sauti. Mtu asome kimoyomoyo, basi! "Marejesho Machi. Marejesho Machi. Marejesho Machi." Hizo ni zangu, nakiri, mtu akikasirika anabofya tena. "Bajeti ya Kicheni Pati." Kimya. Kompyuta ni yangu, lakini nikitoka kwenda kula inageuka mali ya umma. "Bajeti ya Kicheni Pati Mwisho. Bajeti ya Kicheni Pati Mwisho Kabisa. Kadi za Mchango, kurasa 150."

Mama Mhasibu akaanza kutafuta kalamu. Kalamu ilikuwa mkononi mwake. Nje, Katibu alikuwa bado anaongea na simu kwa sauti kubwa, "Ndiyo mheshimiwa, ndiyo," na simu ikaitia hapo hapo sikioni.

Foleni ile ilikataa kufutika kwa wema. Ikabidi huduma nzima ya kuchapa izimwe kwanza, zile kazi zifutwe kwenye folda lake, ndipo huduma iwashwe upya. Kicheni pati ikaenda na maji.

"Sasa mzee," fundi akasema, "nakuwekea printa ambayo haipo."

Nikamwomba arudie.

"Ya PDF. Haina waya, haina wino, haina karatasi. Kazi yake kujibu maswali tu. Ikiulizwa upana wa karatasi inasema A4. Ripoti itaridhika."

Printa hewa! Mwaka 2016 nchi hii ilihesabu watumishi hewa mkoa kwa mkoa, majina yanakula mshahara na watu hawapo, nikajua hewa kazi yake ni kula. Hewa wetu sisi ndiye anayefanya kazi, bure, na aliyenunuliwa kwa hela za wanachama ndiye hayuko kazini.

Akabofya. Kiduara kikazunguka. Nikafumba macho. Nilipofumbua, ripoti imesimama mbele yangu, kurasa 37, mistari imenyooka, jumla iko chini. Nilinyanyuka kwenye ndoo. Nikasogea kusoma. Ukurasa wa kwanza, waliochelewesha marejesho, mstari wa nne, miezi mitano: jina langu.

Nikaifunga.

"Imejifunga tena?" fundi akaruka.

"Hapana. Hiyo nimeifunga mimi."

Bili ilikuwa elfu arobaini. Sasa angalieni: Katibu akarudi ndani, akatoa elfu arobaini mfukoni mwake, hakuomba risiti, hakuunda kamati, akamshika kijana mkono na kumsindikiza mpaka barabarani. Miaka kumi na sita sijawahi kumwona akilipa hata vitumbua.

Mkaguzi hapokei PDF lakini. Mkaguzi anataka karatasi anayoweza kulambia kidole. Jumatano nikaweka ripoti kwenye flashi nikaenda steshenari moja kule Tandika, mia mbili kwa ukurasa, elfu saba na mia nne jumla. Dada wa pale akachomeka, nusu ya mafaili yangu yakageuka shotikati, tukayatafuta, tukayapata. Printa ikaanza. Krr, krr, tik. Krr, krr, tik. Ukurasa wa tatu ikakohoa.

Mimi kikohozi kile nakijua.

Nikajifanya kamba ya kiatu imefunguka, nikainama. Pembeni, chini ya stika ya timu ya mpira, namba ya mali ya ofisi, mwandiko wangu mwenyewe wa maka peni. Hata lile saba langu lenye mkia.

"Dada, hii printa nzuri. Mmeitoa wapi?"

"Ya anko, mzee."

"Anko hajambo?"

"Hajambo. Leo yuko kazini."

Nikalipa elfu saba na mia nne, hela ya chama, kuchapa ripoti ya chama, kwenye printa ya chama. Nikaomba risiti. Mashine ya risiti haina mtandao.

Haya, hiyo ilikuwa Jumatano. Leo Ijumaa nataka nirekebishe mstari mmoja tu, kosa dogo la miezi, la mwandishi, pale ukurasa wa kwanza mstari wa nne, ndiyo imejifunga. Nimekwenda mwenyewe kwenye orodha ya printa, maana sasa na mimi ni msomi. Difolti si ile hewa yangu tena. Ni kijiprinta cha rangi nisichokijua. Kumbe kompyuta hizi, usipoizima ile tabia, printa uliyoitumia mwisho ndiyo inayotawazwa. Na jana mchana nilipokwenda kula, mtu alileta kijiprinta chake kwenye mfuko wa rambo, akakichomeka kwangu, akachapa kadi 150 za mchango, akaondoka nacho. Ripoti ikabaki inaulizia upana wa karatasi kwa printa iliyoko ndani ya daladala.

Dawa yake ni kubofya mara mbili, sihitaji fundi. Nimeshika kipanya, nimelenga. Umeme umekatika.

Si mgao. LUKU imeisha, na ile namba ya tarakimu ishirini imeingia kwenye simu ya Mama Mhasibu, ambayo kioo kimepasuka kuanzia tarakimu ya saba mpaka ya kumi. Tunakisia. Mlinzi anasema ya nane ni sita, mimi nasema sifuri. Tumejaribu mara tano, mita inatulilia.

Na Mama Mhasibu akinyoosha mkono kunionyesha hiyo simu, mkono wa pili ananipa bahasha. Kadi. Singo elfu hamsini, dabo elfu themanini. Kicheni pati wanaume hatuingii mlangoni, ila mchango wetu unaingia vizuri tu. Nimemuuliza dabo ya mwanamume kwenye kicheni pati ni ya nini, wa pili ni nani na wote wawili tutakaa wapi. Ananiambia baba, wewe toa tu, jina lako tumeshaliandika.