Methadoni: inywewe dirishani au ibebwe nyumbani?

Tanzania ilifungua kliniki yake ya kwanza ya methadoni, dawa wanayopewa waraibu wa heroini badala ya unga huo, katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Februari 2011. Kenya ilifuata Mathari, Nairobi, mwishoni mwa 2014. Tangu siku hizo kuna wasemao serikali inamtoa mraibu kwenye unga na kumpa unga mwingine. Hoja hiyo ina ukweli wake: methadoni ni ya jamii ya afyuni, huleta utegemezi, na arosto (mateso ya kukosa dawa) ya anayeikatisha ghafla hudumu kuliko ya heroini. Lakini heroini huisha nguvu ndani ya saa chache, ndiyo maana mtu husaka kete mara tatu au nne kwa siku. Nusu ya dozi ya methadoni bado imo mwilini baada ya saa 24 hadi 36, na ukishapata kipimo chako hupandi wala hushuki. Tena aliyeipima anajua ameweka nini kwenye kikombe. Muuza kete hajui, au anajua na hasemi.

Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na jarida la BMJ mwaka 2017 yalikuta vifo 11.3 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka miongoni mwa waliokuwa kwenye methadoni, na 36.1 miongoni mwa walioiacha. Kwa hiyo suala la kuwapo kwa methadoni naliona limekwisha. Lililobaki ni namna ya kuitoa.

Utaratibu wa msingi ni kunywa mbele ya mhudumu, kila siku, sikukuu zikiwemo. Mwanzoni sina ubishi nao. Mgonjwa huanzishwa miligramu 15 hadi 30, kisha huongezwa 5 hadi 10 kila baada ya siku kadhaa hadi afike kati ya 60 na 120. Wiki mbili za kwanza ndizo za hatari, kwa sababu dawa hujikusanya mwilini: dozi ileile iliyokuwa salama Jumatatu yaweza kuzima pumzi Alhamisi, hasa akichanganya na valiamu au pombe. Mhudumu wa dirishani humwona mtu anayesinzia akazuia kikombe. Vilevile, aliyekosa siku tatu mfululizo hupunguziwa dozi, na aliyekosa tano au zaidi huanza upya, maana mwili umekwisha kusahau.

Tatizo huja baadaye. Mtu amefika miezi sita, vipimo vya mkojo safi, amepata kibarua cha saa 12 asubuhi, na kliniki iko mabasi mawili kutoka kwake. Nauli ya kwenda na kurudi kila siku humla mshahara. Akisafiri msibani siku nne, anarudi dozi imeshushwa, arosto imeanza, na kijiwe kiko njiani. Wengi wanaohesabiwa kuwa wameacha tiba, kwa maoni yangu, wameshindwa ratiba tu. Shirika la Afya Duniani liliandika tangu 2009 kwamba aliyetulia, na ambaye hatari ya dozi zake kuuzwa ni ndogo, anaweza kupewa dozi za kubeba.

Wanaopinga nao hawasemi ovyo. Miligramu 10 zinaweza kumuua mtoto mdogo, na dawa ni ya maji, mara nyingi tamu. Dozi iliyobebwa huuzika. British Columbia, Kanada, ilikwenda mbali zaidi Machi 2020: madaktari waliruhusiwa kuandikia watu vidonge vya haidromofoni, dawa ya maumivu ya jamii ya afyuni, wasitegemee unga wa mitaani uliojaa fentanili, afyuni kali ya maabara. Utafiti wa BMJ wa Januari 2024 ulikuta waliopata vidonge hivyo, hata vya siku moja, walikuwa na hatari ya kufa pungufu kwa asilimia 61 katika wiki iliyofuata. Hata hivyo vidonge vilivujia sokoni, na Februari 2025 serikali ya jimbo hilo ikaagiza vimezwe mbele ya mtaalamu. Uswisi, inayotoa heroini yenyewe tangu 1994, ilianza kwa kuisimamia kliniki, na hilo hudai wahudumu na fedha ambazo sioni zikitoka Dar es Salaam wala Mombasa.

Kwetu ningeanza na dozi moja ya Jumapili, baada ya miezi mitatu ya mahudhurio yasiyokatika, halafu mbili, halafu wiki kwa wachache. Chupa ziwe na kifuniko asichoweza mtoto, kila dozi chupa yake, zirudishwe tupu, na mgonjwa aitwe ghafla siku yoyote alete zilizobaki zihesabiwe. Asiwe na dozi ya kubeba aliye katikati ya tiba ya kifua kikuu: rifampisini humaliza methadoni haraka mwilini, dozi hulazimika kupanda, kisha kushuka tena tiba ikiisha. Watu husahau hiyo hatua ya kushuka, na kusahau huko ndiko kunakoua.

Familia ipewe naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidisha afyuni, pamoja na maelekezo yake, hasa hili: nguvu yake huisha ndani ya saa moja hivi, methadoni ikiwa bado inafanya kazi. Aliyezinduka asiachwe alale nyumbani. Apelekwe hospitali akaangaliwe usiku kucha.