Kabla ya Kulipa Ada, Ulizia Vitanda

Vyuo vikuu binafsi vya afya vinajua kujitangaza: makoti meupe, maabara zinazong'aa, masanamu ya mafunzo yanayopumua kama watu. Sawa. Ila mzazi anayemtafutia mwanawe chuo aanze na swali hili: wanafunzi wanajifunzia hospitali gani, na kila mgonjwa anazungukwa na wangapi?

Swali hilo ni la zamani. Mwaka 1910 Abraham Flexner, mwalimu ambaye hata udaktari hakuusomea, alitoa ripoti juu ya shule 155 za udaktari za Marekani na Kanada. Nyingi zilikuwa biashara tupu. Zilitegemea ada, basi aliyekuja na pesa alipokelewa, na baadhi hazikuwa na wodi ya kufundishia. Nyingi zikafungwa. Panga lile liliwakata na wanyonge: kati ya shule 7 za Wamarekani weusi zilisalia 2, Howard na Meharry. Meharry, chuo binafsi kilichoanza 1876, mpaka leo kinasomesha madaktari. Kwa hiyo kuwa chuo binafsi si dhambi.

Dhambi ni kudahili wengi kuliko wodi inavyoweza kubeba. Raundi ya asubuhi, daktari bingwa anaeleza mlio wa moyo. Wawili waliosimama mbele wanaweka stetoskopu kifuani. Wa nyuma wananakili walichosikia wenzao, na mgonjwa kashachoka kufunuliwa shuka. Mtihani wa karatasi watafaulu wote! Sanamu nalo linafaa kwa kujifunza sindano na kukandamiza kifua, lakini haliogopi, wala halikufichi kwamba jana lilikunywa dawa za jirani.

Jambo jingine: chuo cha fani za afya kina bahati ya kuwa na madaktari, wauguzi na wafamasia watarajiwa mahali pamoja, ila mara nyingi wanakutana kantini tu. Shirika la Afya Duniani lilihimiza mwaka 2010 wasome pamoja, kila mmoja ajifunze kwa mwenzake. Daktari akiandika miligramu .5 bila sifuri mbele, nukta ikafifia, muuguzi atasoma 5. Kosa hilo wangelinasa wakiwa bado darasani, kama wangezoea kusomeana maandishi na kuulizana bila kuogopana vyeo.

Mamlaka za ithibati zivilazimishe vyuo kuchapisha idadi ya vitanda vya wagonjwa na ya wanafunzi kwa kila mkufunzi wa wodini, palepale panapoandikwa ada.