Rubani wa Pancha

Hapa mtaani kwetu Singida hakuna anayeniita fundi tena. "Rubani, hebu nikazie mnyororo." "Rubani, pancha shingapi leo?" Mtu anakokota baiskeli yenye rimu iliyopinda kama chapati, akifika ananipigia saluti. Nikimwambia buku, anataka nimpunguzie, eti marubani wana mishahara minono.

Kosa langu ni moja tu: naunda ndege uani. Mwaka wa tatu huu. Imekaa kati ya banda la kuku na kamba ya kuanikia nguo, na ukitaka kwenda chooni usiku lazima uinamie bawa la kushoto. Mama mkwe alipokuja kututembelea hakuambiwa. Alilipiga kichwa, na tangu siku hiyo akitaka kunitaja anasema "huyo bwana wako", nami nimekaa palepale.

Mwanzoni nilijitetea kwa historia. Nikamkalisha Mama Neema, nikamwambia: wale ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright, walikuwa mafundi baiskeli kama mimi. Wakaruka Desemba 17, 1903. Injini yao ilikuwa na nguvu ya farasi 12, na hii ya bodaboda ya cc 150 niliyoinunua chakavu haipishani sana na hiyo. Mapangaboi yao yalizungushwa kwa minyororo. Minyororo, jamani! Kitu ninacholala nacho kwenye kucha! Na mabawa waliyavika kitambaa cha pamba tu.

Nilipofika kwenye kitambaa, akaniuliza zile shuka zake nne za kicheni pati ziko wapi.

Nikakohoa.

"Na hao ndugu," akasema, "wake zao walisemaje?"

Ningeweza kudanganya. Lakini hawakuoa, wote wawili, mpaka wanakufa. "Ahaa," akajibu, akaenda zake kusonga ugali. Siku hiyo mboga sikuiona.

Kumpoza, nikamsimulia kisa kingine, na hapo ndipo nilipojimaliza. Mwaka 1900, pale Kitty Hawk, kijiji cha pwani huko Marekani walikofanyia majaribio, Wilbur aliazima cherehani ya mke wa mwenyeji wao akarekebisha kitambaa cha mabawa. Ndege ile ya kwanza haikuwa na injini. Majaribio yalipokwisha wakaitelekeza. Yule mama akakibandua kitambaa, akawashonea binti zake magauni. Nilicheka peke yangu. Mama Neema ana cherehani.

Mtaniuliza kama nimeshapaa. Ruhusa ya wenye anga sina, kwa hiyo chombo nimekifunga kamba kwenye mwarobaini, nawasha injini jioni nasikiliza, nazima. Basi. Kuna wanaume wanatumia pesa nyingi kuliko hizo kusikiliza kelele za baa.

Sasa Agosti hii, na upepo wa Singida mnaujua, bati unaondoka nalo. Jumamosi nimetoka kununua petroli lita mbili, huku nyuma ukavuma. Shahidi ni kitinda mimba wangu. Anasema ndege ilinyanyuka mpaka usawa wa dirisha, na kitini mwangu alikuwemo tetea wa mama yake, anaatamia. Kamba ikakaza, chombo kikarudi chini kwa ubavu. Bawa la kulia chali. Mayai tisa, uji.

Akina Wright nao upepo uliwapindulia ndege siku ileile ya Desemba 17, isiruke tena maisha. Lakini wao walikuwa wameshapaa mara nne! Mimi miaka mitatu natoa jasho, anakuja kupaa kuku. Kiumbe ambaye mabawa alizaliwa nayo.

Mama Neema hakufoka. Hilo ndilo lililonitisha. Alitoka ndani ameshika mkasi.

Jumapili iliyofuata, kwaya ya watoto ikapita mbele. Neema yumo, gauni jipya, maua ya zambarau ya kicheni pati yanameremeta, mama mkwe anapiga vigelegele. Walipogeuka kuelekea madhabahuni nikaona mgongo: 5H-NEE, kwa rangi nyekundu ya mafuta, ile isiyosikia sabuni wala jiki. 5H ndiyo alama ya ndege za kiraia za Tanzania. Nilikuwa nimeipaka bawani kwa mkono wangu, kujifurahisha tu.

Mzee wa kanisa akaniinamia sikioni. "Baba Neema, ile ni namba ya pikipiki ya nani?"

Nikafumba macho, nikajifanya tunaomba.