Mtoto sio wa aliyetangulia kufika getini

Juzi nimeenda kumchukua mwanangu nasari, mlangoni nikamkuta dada mgeni hanijui, akaniuliza jina, akaniuliza neno la siri, akarudi ndani kuangalia faili na huku mtoto ananiita baba baba. Nyuma yangu kuna mzazi ananung'unika tunacheleweshwa. Mimi nilifurahi toka moyoni, maana mimi na mama yake tumeachana na najua nyumbani Tanzania watoto wa walioachana wanachukuliwaje.

Hapa Uingereza nasari haimtoi mtoto kwa mtu ambaye mzazi hajamtaja, awe bibi awe shangazi. Ila kinachonigusa zaidi ni kwamba mwalimu hana ruhusa ya kuchagua upande. Mama akija na hasira zake akasema huyo baba msimpe tena mtoto, ataulizwa amri ya mahakama iko wapi, kama hana amri, na baba ana haki za mzazi kisheria, basi hawezi kuzuiwa kwa maneno matupu. Na sio lazima muwe mlifunga ndoa, England na Wales baba akiandikishwa pamoja na mama kwenye cheti cha kuzaliwa kuanzia Desemba 2003 haki hizo anazo. Amri ikiwepo nayo ni amri, uje na zawadi uje na machozi, mtoto hupewi.

Sasa kwetu jamani! Anayelipa ada ndo mwenye mtoto, au anayejuana na mwalimu mkuu, au aliyetangulia kufika. Mama kampeleka asubuhi, mchana baba kapita kamchukua kampeleka mkoani kwa bibi, jioni mama anaambiwa "si baba yake lakini". Anaenda ustawi wa jamii, njoo kesho, njoo wiki ijayo, mtoto hajamwona. Na akina baba nao wapo wengi tu, analipa kila kitu akifika getini "mama yake kakataza", karatasi hakuna, kakataza basi.

Najua mtasema huyu kakaa kwa Wazungu anaona kwao kubaya. Hapana, sheria nzuri tunazo tena natembea nazo kifua mbele. Sheria ya Mtoto ya 2009 imesema mtoto wa wazazi waliotengana ana haki ya kwenda kukaa na mzazi wa pili bila kuvuruga masomo yake. Sasa getini nani anaijua? Mwalimu hajawahi hata kuonyeshwa.

Wengine mtaniambia kwetu mtoto ni wa ukoo, mambo ya neno la siri ni ya watu wasiojuana. Ukoo umenilea mimi, siudharau, na hapa nikibanwa kazini naukumbuka sana. Lakini wazazi wakigombana ukoo nao si unagawanyika? Shangazi yuleyule mliyemzoea ndo anatumwa kumchukua mtoto kimyakimya, na mwalimu anamtoa kwa sababu anamfahamu.

Na msiniambie hela hakuna, hii ni daftari tu. Majina ya wanaoruhusiwa, namba za simu, sahihi ya baba na ya mama, nakala ya amri ya mahakama kama ipo. Mwalimu akitukanwa anafungua daftari, maana hivi sasa wanatukanwa kwa ugomvi ambao hata hawaujui. Na nyie mlioachana msisubiri mwenye kituo aanze, nendeni wote wawili mkaandikishe hata kama hamsalimiani.