Wao wana karatasi, sisi tuna shangazi

Huku Massachusetts, Marekani, ukikaa na wazee wa kizungu wenye asili ya hapa, mazungumzo hayachelewi kufika kwa mababu. Mmoja atakwambia wao walishuka na meli ya Mayflower iliyoleta walowezi wa Kiingereza mwaka 1620, mwingine babu yao alipigana na Mwingereza kwenye vita vya mapinduzi. Na si maneno matupu. Chama cha Daughters of the American Revolution kipo tangu 1890, na mwanamke haingii mpaka aoneshe ushahidi kizazi kwa kizazi, nani kamzaa nani, hadi amfikie huyo aliyepigania uhuru. Sisi wa Kilimanjaro, ambako utaulizwa ukoo kabla hujamaliza kusalimia, tunajiona mabingwa wa mambo haya. Lakini mimi nikivuka baba wa babu, nakwama.

Wenzetu waliandika, lazima tukubali. Miji ya New England ilianza kusajili vizazi, ndoa na vifo tangu miaka ya 1600. Mtu akifariki, majirani walipita nyumba nzima wakiorodhesha alichoacha: godoro la manyoya, chungu cha chuma, gurudumu la kusokotea nyuzi, ng'ombe na ndama wake, kila kimoja na bei yake pembeni. Wajane wa askari wa mapinduzi walipodai pensheni, baadhi yao walichana kurasa za Biblia ya nyumbani, zile zenye tarehe za ndoa na za watoto kuzaliwa, wakazipeleka serikalini kama ushahidi. Kurasa hizo zimo kwenye mafaili mpaka leo.

Tena maisha yao ya wakati ule hayakuwa mbali na yetu. Baba yake Benjamin Franklin, mmoja wa waasisi wa Marekani, alikuwa na watoto 17 kwa wake wawili, wa pili alioa baada ya kufiwa. Benjamin akiwa na miaka 12 akakabidhiwa kwa kaka yake ajifunze uchapaji, akawa anachapwa, na alipofika miaka 17 akatoroka. Aliyewahi kupelekwa mjini "kukaa kwa kaka" hahitaji maelezo zaidi.

Ila ukizisoma karatasi hizo kwa muda utagundua nyingi ziliandikwa kwa ajili ya mali. Palipo na shamba au fedha, jina lipo. Sensa ya kwanza, ya 1790, iliandika jina la mkuu wa kaya peke yake; mke na watoto ni tarakimu, na watumwa ni safu ya mwisho. Walio wengi katika waliokuwa watumwa walisubiri sensa ya 1870 ndipo majina yao yaandikwe, na ndiyo maana Mmarekani mweusi anayetafuta mababu zake mara nyingi huishia hapo. Virginia nako, mwaka 1662, walipitisha sheria kwamba mtoto afuate hali ya mama: mama mtumwa, mtoto mtumwa, hata kama baba ni bwana mwenyewe. Watu ambao kwao mtoto ni wa baba! Upande wa mama waliukumbuka siku ulipoanza kuwaingizia faida.

Medford, jirani na Boston, nyumba ya Isaac Royall, tajiri wa wakati ule, bado imesimama, na pembeni yake jengo walimolala watumwa wake. Royall alikimbia vita vya mapinduzi vilipoanza, na sehemu ya urithi wake ilikuja kuanzisha uprofesa wa sheria pale Harvard. Mwaka 1783 Belinda, mwanamke wa miaka kama 70 aliyekuwa mtumwa wake, alipeleka ombi kwa bunge la jimbo alipwe kutoka kwenye mali hiyo. Hakujua kuandika, akatia alama. Ombi linataja mto Volta, wa Afrika Magharibi, na linasimulia alivyokuwa mtoto, kashikwa mkono huku na huku na wazazi wake, wakienda kuabudu. Majina ya wazazi hayamo. Akapewa pauni 15 na shilingi 12 kwa mwaka, na hata hizo ikabidi arudi kuzidai tena na tena.

Kabla hatujawacheka, sikilizeni ya kwetu. Baba mdogo katuma mti wa ukoo kwenye grupu la WhatsApp, wanaume watupu. Nikauliza mama yake babu aliitwa nani. Akajibu: "Huyo alikuja kuolewa tu, ni wa ukoo wa watu." Nikamwandikia, shikamoo baba mdogo, hiyo ndiyo sensa ya 1790 yenyewe. Kimya. Aliyejibu ni shangazi, kwa sauti ndefu: jina la bibi, kijiji alikotoka, mbuzi wa mahari aliyezua ugomvi kwa kuwa mgonjwa, na watoto wawili waliozikwa kihambani, kwenye shamba la ukoo, ambao hakuna mwanaume kwenye grupu aliyewahi kuwasikia.

Baba mdogo anasema tutayaongea Desemba tukifika nyumbani. Sawa, ila bibi nimeshamwingiza, na hao watoto wawili pia.