Mwalimu wa ndege ana manati shingoni

Daftari la mwanangu lina ndege wanne: mbuni, pengwini, tausi na flamingo. Kawachora vizuri, ana miaka 8 tu. Ila hapa Bukavu sijamwona hata mmoja wao.

Jumapili nikamteremsha hadi ufuoni mwa Ziwa Kivu, upande wa mtaa wa Nguba. Juu ya ziwa palikuwa na mdiria, yule mweupe mwenye madoa meusi. Kasimama hewani kama katundikwa kwa uzi. Mabawa yanapiga mbiombio, kichwa hakitikisiki.

"Papa, iko nafanya nini?"

Sikuwa na jibu. Aliyekuwa nalo ni kijana wa mtaani, manati shingoni. "Iko natafuta sambaza," akasema, yaani samaki wadogo kama dagaa. "Ngoja." Mdiria akaporomoka kama jiwe, akaibuka na samaki, akatua kwenye kamba ya mtumbwi, akambamiza mara mbili tatu, kisha akammeza, kichwa kwanza. "Akianzia mkiani, mapezi yatamkwama kooni." Kijana akatuonyesha pia shimo kwenye ukingo wa udongo: ndimo anamotagia.

Niliporudi nyumbani nikaendelea kuwaza. Sambaza ni mgeni Kivu, aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na huishi maji ya mbali. Ndege anayevua kutoka kwenye tawi hamfikii huko. Mdiria huyu hahitaji tawi, hewa yenyewe ndiyo kiti chake. Hilo ndilo somo la kuzoea mazingira, na lipo bure, dakika kumi kutoka darasani.

Sisi wazazi tunawafukuza vijana wa manati, na siutetei uuaji wao. Lakini huwezi kumlenga ndege usiyejua anakula saa ngapi na analala wapi. Kijana yule amekaa saa nyingi akitazama kuliko mimi na mwalimu wa mwanangu tukiwekwa pamoja. Ningekuwa mkuu wa shule, ningemwita kila Jumamosi awatembeze watoto, manati ikibaki kwa mlinzi langoni, na ningemlipa kama ninavyolipa chaki.

Mama watoto anasema nitafuga mwindaji. Huenda, mtoto tayari ameomba manati yake. Nikamwambia kwanza anieleze kwa nini mdomo wa chozi, yule mdogo anayeng'aa kwenye ua la mgomba, umepinda. Siku ya tatu leo, anachelewa chai kwa sababu yuko chini ya mgomba.